Rimoti Ishike Wewe: Kutazama The Lion King Nyumbani na Watoto

Wazazi wengi wakishapata katuni huona kazi imekwisha. Watoto wanakalishwa mkekani, filamu inawashwa, mama anarudi jikoni, baba anatoka kidogo, na kwa saa moja na nusu nyumba inatulia. Sina ugomvi na utulivu huo. Mwenye watoto watatu na sufuria motoni anauhitaji. Ila kwa The Lion King, ile ya mwaka 1994, nashauri mara ya kwanza msiwaachie peke yao. Ndani yake kuna baba anayeuawa mbele ya mwanawe, na kuna mtu mzima anayemtwisha mtoto lawama ya kifo hicho. Kuna pia nyimbo tano za Elton John na Tim Rice ambazo mtoto akishazishika, mtazisikia mpaka mwezi mwandamo.

Uzuri wa kuitazama nyumbani badala ya ukumbini ni kwamba unaweza kuisimamisha, kuirudisha nyuma, kuipunguza sauti na kuikata katikati. Hakuna kati ya hayo litakalofanyika kama rimoti anayo mtoto wa miaka sita. Ishike wewe, na kabla ya siku yenyewe itazame peke yako usiku watoto wakishalala. Ina dakika 88 tu.

Kwanza hakikisha unayo ndiyo yenyewe. Kuna The Lion King mbili zenye jina lilelile. Ya 1994 iliongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff, na wanyama wake wamechorwa kwa mkono. Ya 2019 ni ya Jon Favreau. Imetengenezwa kwa kompyuta kiasi kwamba simba anaonekana kama wa kwenye vipindi vya mbugani, na inakaribia saa mbili. Kwa mtoto mdogo chagua ya zamani. Sababu yangu ni nyuso: simba wa kuchorwa anakunja nyusi, anatabasamu, anatoa macho ya hofu, na mtoto asiyejua neno la Kiingereza anaelewa nani amekasirika na nani anadanganya. Simba wa 2019 ana manyoya mazuri mno lakini uso wake hausemi kitu, na mtoto akishapoteza mfuatano anaanza kuuliza maswali ambayo picha ilipaswa kuyajibu.

Ukinunua kwenye duka la kujaziwa filamu kwenye flashi, mwombe kijana aifungue mbele yako kabla hujalipa. Tazama mwanzo, kisha mwambie aruke hadi dakika kumi za mwisho. Nakala za vichochoroni zina tabia ya kukatika simba wakiwa katikati ya vita, au sauti kuachana na midomo, au ukafika nyumbani ukakuta ni sehemu ya pili. Nakala halali ni bora kwa kila hali, hata kwa mtu asiyejali haki za watunzi, kwa sababu filamu hii inategemea muziki na nakala mbovu hupoteza sauti kabla ya kupoteza picha.

Wenye ndugu nje ya nchi nao wana lao. Diski ya DVD iliyonunuliwa Marekani ni ya eneo namba 1. Ya Uingereza au Oman ni ya eneo namba 2. Tanzania, Kenya na majirani zetu wapo eneo namba 5. Mashine nyingi za bei nafuu zinazouzwa huku husoma zote bila kuuliza, lakini mashine ya kampuni kubwa inaweza kukataa kabisa. Kompyuta ni mtihani zaidi: hukuruhusu kubadili eneo mara chache tu, kwa kawaida tano, kisha hujifunga kwenye eneo la mwisho ulilochagua. Kwa Blu-ray, Afrika imewekwa kundi moja na Ulaya na nchi za Kiarabu, kwa hiyo shangazi wa London au Maskati anaweza kukutumia bila wasiwasi. Wa Chicago aulize kwanza dukani.

Kuna pia wanaohifadhi mkanda wenyewe, ule mweusi wa VHS ulioingia maduka ya Marekani Machi 1995. Kama unao, na uliletwa kutoka huko, ujue umerekodiwa kwa mfumo wa NTSC na deki zetu nyingi za zamani ni za PAL, hivyo picha huenda ikatoka bila rangi au ikawa inapanda na kushuka. Kwa walioko pwani jambo la kwanza ni kufungua kile kifuniko cha mbele na kuangalia utepe: ukiona ukungu mweupe usiuingize kwenye deki, maana utachafua kichwa chake na kila mkanda utakaofuata utaumwa ugonjwa huo. Na yeyote anayekuambia mkanda huo ni mali ya kuuza kwa maelfu ya dola amesoma bei wanazoomba wauzaji, hajasoma bei wanazolipa wanunuzi. Ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 30. Kitu cha aina hiyo hakiwezi kuwa adimu.

Sasa watoto. Shirika la Afya Duniani lilitoa ushauri mwaka 2019 kwamba mtoto wa mwaka mmoja kushuka chini asikalishwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku. Filamu hii inazidi saa hiyo. Kwa wa miaka minne na mitano mimi naigawa sehemu mbili, na mahali pa kukata pana umuhimu kuliko watu wanavyodhani.

Usiikate baada ya kifo cha Mufasa, baba yake Simba. Inavutia kufanya hivyo, kwa sababu mtoto analia na wewe unataka kumwondolea kilichomliza. Lakini ukizima hapo, picha ya mwisho anayokwenda nayo kitandani ni simba mdogo aliyejilaza chini ya mkono wa baba yake aliyekufa. Vumilia. Dakika chache baadaye wanatokea ngiri na rafiki yake mdogo mwembamba, Pumbaa na Timon, wakimwokota Simba jangwani, kisha unakuja wimbo wa Hakuna Matata. Mwishoni mwa wimbo huo wanavuka gogo wakitikisa vichwa, na kila hatua Simba anazidi kukua mpaka manyoya ya shingoni yanamjaa. Kata hapo. Umevuka nusu ya filamu, hamjamaliza saa moja, mtoto anacheka, na ameshaona kwa macho yake kwamba yule yatima aliishi, akala, akakua. Sehemu ya pili iwe kesho.

Baada ya miaka sita hivi wengi wanaweza kuimaliza kwa mkao mmoja.

Kuhusu kifo chenyewe, usikiruke. Mtoto anajua umeruka kitu, na akikutana nacho kwa jirani utakuwa haupo. Kaa naye karibu kabla nyumbu hawajaanza kuporomoka bondeni. Mbio zile zilitengenezwa kwa kompyuta, tofauti na sehemu kubwa ya filamu, na zinatisha kwa ukubwa wa sauti kama kwa picha. Punguza sauti kidogo kabla, si katikati. Vumbi likishatulia, Simba anamsukuma baba yake kwa kichwa. Anamvuta sikio. Anaita watu, hakuna anayekuja. Hapo ndipo mtoto wako atakapokugeukia na kuuliza, "Amelala?"

Jibu kwamba amekufa. Nawajua watu wazima wema kabisa ambao hujibu, "Ndiyo, amelala," kisha wiki nzima wanashangaa kwa nini mtoto hataki kwenda kulala. Sema amekufa, mwili wake haufanyi kazi tena, hasikii maumivu, na Simba ana huzuni kwa sababu alimpenda. Kama anataka kulia mwache alie. Kama anataka kujua mnyama anakufaje, mweleze kwa maneno machache. Maswali mengine yatakuja siku tatu baadaye mkiwa kwenye daladala, ndivyo walivyo.

Linalofuata ndilo ninaloliona zito zaidi, na watu wengi hulipita. Scar, ndugu wa Mufasa, anatokea ndani ya vumbi na kumweleza Simba kwamba kosa ni lake, kwamba baba yake amekufa kwa sababu yake, na kwamba akimbie asirudi. Simba hakuona kilichotokea juu ya mwamba. Mtoto wako ameona. Anajua Scar ndiye aliyemwachia Mufasa aanguke. Simamisha filamu hapo, sekunde chache tu, na muulize, "Eti ni nani aliyefanya?" Atakupigia kelele jina la Scar. Kisha muulize kama Simba ana kosa. Watoto wadogo huwa na mazoea ya kujitwika lawama za misiba na mitafaruku ya nyumbani: bibi alikufa kwa sababu nilimkimbia, baba aliondoka kwa sababu nilivunja kikombe. Hawasemi mpaka wapate mlango, na huu ni mlango ambao msanii amewafungulia bila gharama. Usihutubie. Uliza, sikiliza, washa tena.

Kama nyumbani kwenu kuna msiba wa karibuni, hasa wa baba au mama, filamu hii isubiri. Si marufuku milele. Ila siku aichague mtoto mwenyewe, na awe na mtu anayemwamini pembeni. Katika filamu pia kuna maneno kwamba wafalme waliokufa hututazama kutoka kwenye nyota. Familia ya Kiislamu au ya Kikristo isiogope kusema kwamba hivyo ndivyo wanavyoamini wale simba wa hadithi, na sisi nyumbani kwetu tunaamini hivi.

Sauti. Muziki wa ala ni wa Hans Zimmer, aliyepata Oscar kwa kazi hiyo, na umejengwa juu ya kwaya: unashuka hadi mnong'ono halafu unalipuka. Spika za televisheni bapa hazina uwezo nao. Ukiongeza ili kusikia maongezi, nyumbu watakutoa kwenye kochi. Sabufa ndogo inasaidia sana, lakini punguza besi mpaka karibu na mwisho. Besi ni tamu kwa Bongo Fleva, ila hapa inameza sauti za waimbaji na kumwamsha mtoto wa jirani.

Kuhusu lugha, kuna mazoea yetu ya filamu zilizotiwa maelezo. Tanzania tulikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, Uganda wana akina VJ Jingo, na kwa filamu za mapigano hawana mpinzani. Wakati mwingine maelezo yao ni matamu kuliko filamu. Kwa filamu ya nyimbo aina hiyo ya utangazaji haifai, kwa sababu mtangazaji anazungumza juu ya wimbo na wimbo ndio unaobeba kisa. Pale Scar anapowakusanya fisi na kuwaimbia mpango wake, mtangazaji akianza kueleza, tisho lote limepotea.

Kwa hiyo mtangazaji uwe wewe, kwa namna ya bibi. Kabla wimbo haujaanza mwambie mtoto kwa sentensi moja kinachokuja: sasa Simba anaringa kwamba anatamani awe mfalme upesi, sasa Scar anawashawishi fisi wamsaidie kuua. Kisha nyamaza mpaka wimbo uishe. Na usiwanyamazishe watoto. Ngano zetu zina nyimbo katikati, na wasikilizaji huitikia. Anayesimulia bila kuitikiwa hujiona anazungumza na ukuta. Waache waimbe, hata maneno yakiwa ni ya kubuni. Ile sauti ya kwanza kabisa, jua linapochomoza, ni ya Lebo M wa Afrika Kusini, na ni Kizulu. Watoto wa dunia nzima wameitamka ovyo kwa miaka zaidi ya thelathini, wenu hawatakuwa wa kwanza.

Kuna tahadhari ndogo inayowahusu wenye watoto wanaosema Kiswahili: fisi jike anayeongoza wenzake anaitwa Shenzi. Mtoto wa Ohio halimsumbui jina hilo. Wako atalipeleka shuleni Jumatatu na kumpa mwenzake wa dawati. Mwambie mapema.

Mtoto akishaipenda filamu ataanza kudhani anawajua wanyama, na hapo una kazi nzuri ya kufanya. Waandaaji walikuja Kenya kutazama mandhari, wakapita Hell's Gate karibu na Naivasha, na nyasi zile na miamba ile ni ya kwetu kweli. Ila wakazi wake wamechanganywa. Timon ni jamaa ya nguchiro anayeishi maeneo makavu ya Namibia, Botswana na Afrika Kusini, hutamkuta Serengeti. Uso wa Rafiki, yule mzee mganga wa filamu, wenye pua nyekundu na mashavu ya buluu, ni wa nyani wa misitu ya Gabon na Kamerun. Wale sisimizi wanaobeba vipande vya majani mwanzoni wanaishi bara la Amerika. Mpe mtoto wa miaka minane kazi ya kuwatafuta wageni hawa na ataitazama filamu mara ya tatu kwa jicho jipya. Ngiri, hondohondo, nyumbu na fisi ni wenyeji halali.

Fisi amedhulumiwa. Hapo filamu imejiunga na ngano zetu wenyewe, ambazo hazijawahi kumpa heshima: fisi ni mlafi, fisi ni mpumbavu, fisi hungoja mkono wa mtu uanguke. Hans Kruuk, mtafiti aliyewafuata fisi wa Serengeti na Ngorongoro tangu miaka ya 1960, alionyesha kwamba huwinda wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na kwamba Ngorongoro mara nyingi simba ndio waliokuja kupora. Tena ukoo wa fisi huongozwa na majike. Madume hukaa chini. Na kwa simba, kazi kubwa ya kuwinda hufanywa na majike, ambao katika filamu wamepewa nafasi ndogo mno mpaka Nala, rafiki wa Simba wa utotoni, anapotokea akiwa mkubwa, akimkimbiza Pumbaa kwa njaa. Anayeishi Nairobi ana mbuga ya taifa yenye simba mlangoni mwa jiji. Anayesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa apange mtoto akae dirishani mnapokatiza Mikumi, kwani barabara kuu inapita ndani ya hifadhi.

Kwa vijana wa sekondari, ambao watakuambia katuni ni za watoto, ingia kwa mlango mwingine. Waambie walinganishe na Hamlet: mfalme anauawa na ndugu yake, mtoto wa mfalme anasitasita, mzimu wa baba unatokea. Au waambie wasikilize kwa makini pale Timon na Pumbaa wanapotembea msituni wakiimba kipande cha wimbo wa simba aliyelala. Chanzo chake ni "Mbube", uliorekodiwa Johannesburg mwaka 1939 na Solomon Linda na kundi lake. Linda aliuza haki zake kwa shilingi kumi. Alifariki mwaka 1962 akiwa maskini, wakati wimbo ukiwa tayari umezunguka dunia kwa jina la Kiingereza. Binti zake walitumia kisheria kule kuimbwa kwake ndani ya filamu hii: kesi dhidi ya Disney ilifunguliwa mwaka 2004, na mapatano ya mwaka 2006 yakawapatia haki yao ya malipo. Kijana anayeota kuwa msanii atajifunza zaidi kutoka kisa hicho kuliko kutoka kwa wahubiri wote wa motisha wa mitandaoni, na ni mazungumzo mazuri ya kuanzia siku atakapokuletea mkataba wake wa kwanza aupitishie macho kabla ya kutia sahihi.

Watoto wakimaliza watadai nyingine. Sehemu ya pili, Simba's Pride ya 1998, ilitengenezwa moja kwa moja kwa ajili ya kuuzwa majumbani. Michoro yake ni hafifu kidogo lakini kisa kinasimama, ni binti wa Simba anayempenda kijana wa ukoo wa maadui. Ya tatu, ya 2004, inasimulia upya kisa kilekile kutoka upande wa Timon na Pumbaa, na ni ya kuchekesha kwa aliyeijua ya kwanza vizuri. Asiyeijua hatapata utani wake. Mufasa ya 2024 ni ya mtindo wa kompyuta kama ile ya 2019, na naiweka kwa wenye miaka kumi kwenda juu. Tukirudi kwa ile ya kwanza, ukinunua DVD yake ya 2003 utakuta kuna wimbo wa ziada wa asubuhi ambao haukuwamo ukumbini mwaka 1994. Diski inakupa nafasi ya kuchagua toleo, chagua lile la ukumbini, kwa sababu wimbo ule unachelewesha mambo bila faida.

Na diski ikianza kukwama, isifutwe kwa kuzungushwa kama sahani. Chukua kitambaa laini kisicho na vumbi, futa kwa mstari kutoka katikati kwenda ukingoni, irudishe kwenye kava lake, na kava liwekwe juu ya kabati mahali ambapo wa miaka minne hafiki.